Sababu gani Charlot hazeeke



Wengine watauliza: mtu wa sendika anatafuta nini kwa mambo ya kuchekesha? Mishahara iko chini, sous-traitance inakula watu, na yeye anatuletea Charlot? Muniache kidogo niseme, kisha kila mtu atapima.

Piteni jioni ku siti yoyote, Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi. Mutakuta watoto watatu, wane, wameinama ku telefone moja, wanacheka mpaka machozi. Mukiangalia, mara ni video ya jana, mtu ameteleza mu matope. Lakini mara ingine ni mtu mdogo wa rangi nyeusi na nyeupe, kofia ya mviringo, fimbo ku mkono, viatu vikubwa sawa mitumbwi. Mtoto hajui huyu mtu alizaliwa mwaka gani, ao alikufa lini. Anacheka sawa vile babu yake alichekaka mu kambi. Ni vitu ngapi vya miaka 100 vingali vinafanya hivi? Motokari ya 1920 iko mu musée. Telefone ya miaka kumi tu, watoto wanaona haya kuitoa mbele ya watu. Lakini mtu aliyeanguka mu 1916 angali anaanguka vizuri.

Watu wananiambiaka: « Ile ni bintu bya batoto. » Mimi nasema hapana. Kama hizi filimu fupi hazizeeke, sababu yake ni moja: ni filimu za kazi. Ni hesabu ya mtu mdogo na ngazi yake, na mzigo wake, na kapita wake, na feza yake ya mwisho wa mwezi. Siye watu wa mine tunajua hiyo hesabu kuliko wengine.

Koti ndogo, suruali kubwa

Tuanze ku mwanzo. Tarehe 28 Desemba 1895, ku Paris, ndugu wawili wa jina la Lumière walionyesha filimu zao mbele ya watu waliolipa. Kati ya zile filimu kulikuwa moja ya kuchekesha, haifiki hata dakika moja. Mtunza bustani anamwangia maua maji. Kijana anakanyaga mupira wa maji, maji yanakatika. Mzee anaangalia mu mdomo wa mupira, kijana anatoa mguu, maji yanamlipukia usoni. Mzee anamkimbilia kijana, anamkamata, anamchapa. Basi, imekwisha. Mu ile dakika moja, mwenye kulowa alikuwa nani? Mtu wa kazi, na chombo chake cha kazi ku mkono.

Kisha akaja Charles Chaplin, ule Wafaransa waliita Charlot. Alizaliwa ku London mu 1889. Hakutoka mu nyumba ya wakubwa. Baba yake aliuawa na pombe mapema. Mama yake aliugua kichwa. Alipokuwa na miaka saba walimtia mu nyumba ya maskini, kule mtoto anapewa chakula na aibu pamoja. Mu 1914, ku Marekani, akavaa zile nguo tunazojua: koti inambana, suruali inaweza kuingia watu wawili, viatu si vyake, kofia ndogo na fimbo.

Angalieni zile nguo vizuri. Chini ni maskini. Juu, kofia na fimbo, ni mkubwa. Ni mtu ambaye hana kitu lakini hataki munyime heshima yake. Akianguka, kitu cha kwanza anafanya ni kuokota kofia na kupangusa vumbi. Hapo njo siri iko. Hatucheke kwa sababu ameanguka. Tunacheka kwa sababu ameanguka na angali anataka kuwa bwana. Nani kati yetu hajatoka ku kazi na bote za matope, akaingia ku harusi na tai ya kuazima?

Na kingine: hasemi. Filimu zake za kwanza hazina sauti. Hakuna mwenye alipashwa kujua Kifaransa ao Kiingereza ili aelewe. Mtu aliyetoka Kasaï, ao Maniema, ao Ruanda, mwenye kuja kutumika ku Katanga, wote waliketi mbele ya kitambaa kimoja na kucheka saa moja. Mu makambi ya Union Minière, sinema ilikuwa moja ya mapumziko ya wafanyakazi. Kulikuwa wakubwa wa ukoloni walioandika kama mtu mweusi hana akili ya kufuata filimu ngumu, kwa hiyo apewe vitu vyepesi. Wakasahau kitu kimoja: hiyo hiyo filimu « nyepesi » ilikuwa inaangusha Paris na London na New York kwa kicheko. Kama ilikuwa ya watu wasio na akili, basi dunia nzima ilikosa akili pamoja na babu zetu.

Siku ya paye

Kama mutapata nafasi ya kuona moja tu, muone *Pay Day*, ya mwaka 1922. Maana yake ni siku ya kulipwa. Ni ya dakika 20 na kitu. Charlot anatumika mu shantie ya kujenga nyumba. Kwanza anafika amechelewa. Anafanya nini? Anamletea kapita ua! Munacheka, lakini nani hajamletea kapita « ua » lake siku moja, ile ya mu bahasha?

Kisha kazi inaanza. Watu wa chini wanamtupia matofali, yeye juu ya ngazi anayakamata kwa mikono, kwa miguu, kwa kidevu, kwa matako, bila kukosa hata moja. Ni uongo wa kamera, filimu ilirudishwa nyuma-nyuma. Lakini ukweli uko ndani yake: mkubwa anataka mtu mmoja afanye kazi ya watu wane, na mtu mmoja anaifanya, na hakuna anayemwambia asante. Saa ya kula, lifti ya kazi inapanda na kushuka, chakula cha wenzake kinamfikia yeye. Mwenye chakula anatafuta mkate wake, hauoni.

Halafu paye. Anaficha noti mu kofia, bibi yake anaivumbua. Anaenda kunywa. Usiku mvua inanyesha, anatafuta tramu ya kurudi, zote zimejaa, watu wananing'inia sawa ndizi. Mwisho anapanda mu gari la kuuzisha chakula, anafikiri ni tramu, anakamata sosiso inayoning'inia juu sawa vile mtu anakamata mkanda wa bisi. Anafika nyumbani asubuhi mapema. Anavua nguo, saa ya kuamsha inalia, bibi anafungua macho, basi anazivaa tena haraka: njo naamuka, naenda ku kazi!

Mwaka 1922. Mungesema mtu aliandika ile filimu akiwa ameketi ku nganda ya Kolwezi tarehe 30 ya mwezi.

Najua mama wengi hawapendi ile filimu, na wana haki. Bibi wa Charlot amefanywa sawa shetani: mkubwa wa mwili, uso mkali, anasubiri feza tu. Lakini tuulize vizuri. Kama ile noti inabaki mu kofia, nani atanunua unga wa bukari? Nani atalipa minerval ya mtoto? Mwanaume aliyetengeneza filimu alitaka tucheke bibi. Mimi nimeona ile filimu na mama wa siti, na wao walicheka bwana. Mama mmoja alisema kwa sauti: « Mutafute tena mu bilato! » Nyumba nzima ilianguka. Hapo munaona nguvu ya hizi filimu: kila mtu anapata mule kicheko cha upande wake, na wote wawili wanaketi ku benchi moja. Mkutano wa sendika hauwezake kufanya vile.

Piano, ngazi na mtu wa barua

Wa pili ni wale wawili, mnene na mwembamba, Laurel na Hardy. Mu 1932 walifanya *The Music Box*, na filimu ile ilipata zawadi ya Oscar ya filimu fupi za kuchekesha. Kazi ni moja tu: kupandisha piano ku ngazi ndefu ya nje, ku Los Angeles. Ngazi ile ina vipande zaidi ya 130. Wanapandisha, wanaachilia, piano inashuka yenyewe mpaka chini na kelele zake. Wanaanza tena. Mama na gari la mtoto anataka njia. Polisi anataka kujua. Professa wa kofia ndefu hataki kuzunguka, yeye ni mkubwa. Piano inashuka tena.

Wakifika juu, mtu wa barua anawaambia: mbona hamukupita ku barabara ya nyuma, motokari inafika mpaka ku mlango? Na wao wanafanya nini? Wanashusha piano mpaka chini, wanaipakia ku gari, wanapita ku barabara!

Nimeona watu wa kazi wakicheka pale mpaka wanashika tumbo. Sababu tunajua. Ni mara ngapi tumebeba kitu siku nzima, kisha mkubwa anapita saa kumi na kusema, « Mashine ilikuwa pale »? Mtu wa barua alijua tangu mwanzo, lakini hakuna mwenye alimuuliza. Ku kazi ni vile vile: mwenye kujua barabara ni yule wa chini, anapita pale kila siku, na ni yeye wa mwisho kuulizwa.

Na muangalie tena wale wawili. Mnene anajiona shefu. Mwembamba anafuata. Wanagombana nani amekosa, na wakati wanagombana, piano inateremka. Ndugu zangu wa ma-sendika mbalimbali, sitaji mtu. Mumenielewa.

Wa tatu ni Buster Keaton, ule asiyecheka hata kidogo. Mu *One Week*, ya 1920, ameoa, anapewa nyumba ya vipande mu masanduku, kila sanduku na namba yake. Mtu wa wivu anabadilisha namba. Nyumba inasimama kombo, mlango juu, dirisha chini. Upepo unaizungusha na wageni ndani. Kisha anaambiwa amejenga ku lupango si lake. Anaivuta kuihamisha, inakwama juu ya reli. Treni inakuja. Wanafunga macho. Treni inapita pembeni, ku reli ingine. Wanapumua. Halafu treni ya pili, kutoka upande wa pili, inaivunja vipande-vipande.

Wazee wetu wa départ volontaire ya 2003 na 2004 wanaijua hii filimu bila kuiona. Walipata feza mara moja, kisha miaka mingi ya kazi imekwisha. Mmoja alinunua motokari ya taxi, mwingine alifungua boutique, mwingine alijenga. Treni ya kwanza ilipita pembeni, wakasema Mungu ni mkubwa. Ya pili haikupita pembeni. Keaton yeye anaweka kibao « inauzishwa » juu ya mabaki, anakamata mkono wa bibi yake, wanaenda. Hakulia, hakutukana. Kuna wazee niliowaona wakienda vile.

Nani anashika kamera

Kwetu pia tulikuwa na wetu. Miaka ya 1950, ku Kasaï, padri mmoja wa Scheut, Albert Van Haelst, alitengeneza filimu fupi za Matamata na Pilipili, Wakongomani wawili wanaoangushana sawa Laurel na Hardy. Watu waliwapenda sana. Lakini nitasema ninavyofikiri: kamera ilikuwa ku mkono wa mmisionere, na mafunzo yalikuwa ya mmisionere. Na kila pahali ni hivyo: mkubwa akishika kamera, si yeye mwenye kuanguka.

Hii njo tofauti kubwa. Kwa Charlot, polisi anaanguka, kapita anaanguka, tajiri anapata keki usoni. Kicheko kinapanda juu. Filimu inayoangusha paka maskini, maskini, maskini, ile kicheko kinashuka, na kinachoka haraka.

Ku Lubumbashi tulipata Mufwankolo na kundi lake, ku radio na ku televizyo, mu Kiswahili chetu hiki tunachosema mu lupango. Mlevi, bibi, shefu wa kijiji, mtu wa biro, wote walipita pale. Mu 1986 walicheza mchezo mzima juu ya neno moja: mamlaka inakuliwa nzima. Wakati ule si kila mtu angeweza kusema mambo ya mamlaka mbele ya watu. Wachekeshaji walisema. Kwa hiyo asiniambie mtu kama kuchekesha ni kitu cha bure.

Mwenye kuanguka bila kamera

Sasa nifike kwa kilichonifanya niandike.

Ku filimu, mtu akianguka, tunacheka kwa sababu tunajua atasimama. Lakini hata wale hawakusimama wote bure. Harold Lloyd, mchekeshaji wa miwani, mu 1919 alishika bomu la mchezo kwa kupigwa picha. Halikuwa la mchezo. Lilimkata kidole gumba na kidole cha pili ku mkono wa kuume. Filimu yake ile anayoning'inia ku saa ya jumba refu, aliifanya mu 1923 na mkono ule, amevaa glove ya kuuficha. Keaton alivunjika mfupa wa shingo mu filimu ya 1924, akaendelea kutumika, na alijua miaka mingi nyuma, munganga alipoangalia picha. Watu wa mine, hamuoni kama hawa ni wenzetu? Baruti iliyosemwa haina kitu. Maumivu ya leo, picha ya munganga miaka mingi nyuma.

Ku kazi yetu, mwenye kuanguka haonekane. Nitatoa mfano moja, bila jina la mtu ao la kampuni. Kijana wa sous-traitance aliteleza ku ngazi ya chuma yenye mafuta. Alianguka vibaya, nyonga ikavunjika. Mwenzake alikuwa anachukua video kwa mchezo. Ile video ilizunguka ku ma-groupe ya WhatsApp, watu wakaweka vichwa vya kucheka, sababu jinsi alivyoenda, miguu juu, kasiki upande, ilikuwa kweli sawa Charlot. Mu hospitali wakubwa wake walimwambia: « Useme ulianguka ku nyumba. » Na karatasi iliandikwa vile. Ajali ya ku nyumba. Hakuna declaration ya accident de travail, hakuna CNSS, hakuna kitu.

Tulipofuata ile affaire, tulitafuta ushahidi. Wenzake waliogopa kusema, kila mmoja ana contrat ya miezi mitatu. Kitu kimoja kilibaki: ile video ya kuchekesha. Mule munaonekana ngazi, mafuta, uniforme, na jua la saa sita. Ile njo iliongea mu lugha ambayo mtu wa karatasi hakuweza kuikatala. Sasa ajali yake inatambulika kama ajali ya kazi.

Niliketi nikafikiri. Charlot akianguka, dunia nzima imemuona, na kwa sababu imemuona, hawezi kuambiwa hakuanguka. Kijana wetu alikaribia kupotea, si kwa sababu watu walimcheka, lakini kwa sababu hakuna aliyeandika. Hizi filimu zilitufundisha tangu 1895 kuangalia mtu wa kazi anapoanguka, na kuangalia pia nani alikanyaga mupira. Siku hizi tumebaki na kicheko, tumesahau kuangalia.

Tufanye nini

Nina mapendekezo tatu, na hayaombe feza mingi.

Moja: Jumamosi ya kwanza nyuma ya paye, mu salle ya parokia ao mu lupango lenye nafasi, tutundike shuka nyeupe, tuazime projekta, tuonyeshe hizi filimu fupi. Zinapatikana ku intaneti. Baba, mama na watoto pamoja. Ile saa mtu haiko ku nganda, na feza haiko ku nganda.

Mbili: nyuma ya kila filimu, dakika kumi za maneno. Nani ameanguka? Nani aliacha ngazi na mafuta? Nani alijua barabara ya nyuma na hakuulizwa? Nimekaa mu mikutano mingi ya usalama, watu wanalala mbele ya karatasi za ukuta. Mbele ya piano ile hakuna mwenye atalala.

Tatu: tukubaliane kitu juu ya telefone zetu. Video ya mwenzetu aliyeanguka ku kazi isizunguke kwa kicheko. Iende kwanza kwa delege, na tarehe, saa na pahali. Akipona, akisimama, akitaka mwenyewe tucheke, tutacheka pamoja naye, na yeye atacheka kuliko siye.

Mtu akianguka, kamata kwanza mkono wake. Kisha andika. Kicheko kinajua kungoja.